Jiji lilivunjwa, mkataba wangu je?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimepanga kizimba sokoni, Tabata. Mkataba niliusaini na Manispaa ya Ilala mwaka 2019, lakini siku hizi stakabadhi zinaandikwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Jirani yangu anasema Jiji lilivunjwa, kwa hiyo mkataba umekufa. Ni kweli? – Mama Lishe, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Halmashauri uliyosaini nayo ipo. Jirani yako amechanganya halmashauri mbili zilizobeba jina moja.

Iliyovunjwa na Rais Magufuli Februari 2021 ni ile iliyokaa juu ya manispaa tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Haikuwa na eneo lake peke yake, na madiwani wake walitoka kwenye manispaa hizo hizo. Wakati huo huo Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kwa hiyo mpangishaji wako ni yule yule, amepanda cheo tu.

Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa Tanzania Bara nzima. Leo haiwezekani kirahisi, kwa kuwa zimo ndani ya Katiba, ibara ya 145 na 146. Lakini halmashauri moja moja ya mji huanzishwa au kubadilishwa kwa amri inayotangazwa katika Gazeti la Serikali, chini ya Sheria Namba 8 ya 1982.

Mimi nilikuwa masjala Jiji lilipovunjwa mwaka 1996 na kuwekwa Tume iliyoongozwa na Charles Keenja. Mwaka 2000 Tume ikaondoka, zikaja manispaa tatu na Jiji juu yake. Ubungo na Kigamboni zilimegwa baadaye. Kila mara tuligawa mafaili kwa maeneo, na hapo ndipo wananchi walipoumia. Mtu anakuja na shida ya kiwanja, faili halionekani, na yeye mwenyewe hana hata nakala moja mkononi. Nimewaona watu wazima wakilia pale dirishani. Sitaki yakukute.

Toa nakala ya mkataba na stakabadhi zako zote. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Jiji ukiomba mkataba uhuishwe kwa jina jipya, ipeleke mwenyewe masjala, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha soma tarehe ya mwisho wa mkataba. Hiyo ndiyo inayoweza kukutoa kizimbani, hata kama hakuna halmashauri iliyovunjwa.