Jibu: Mtoto wa miaka 7 hatulii darasani, nianzie wapi Arusha?

Pole sana dada. Umesema kijana wako ana miaka 7, maneno ni machache, na mwalimu amekwambia ukae naye nyumbani kwanza. Usikubali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha kumfundishia, masikio yapimwe. Wapo watoto wanaoitwa wazito kumbe hawasikii vizuri. Kwa Moshi, hospitali ya KCMC wana kitengo cha masikio, pua na koo. Kisha nenda halmashauri, umwone afisa elimu maalumu akuelekeze shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Na Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, kiko hapo hapo Tengeru, Arusha. Piga hodi, uliza.

Vifaa visikutishe. Vifuniko vya soda vinatosha kuhesabia. Kata boksi, chora sahani, choo, kitanda. Kabla ya kula mwonyeshe sahani, mpe muda aiguse, ndipo umpe chakula. Anza na picha mbili tatu za mambo anayohitaji kila siku. Ukimrundikia nyingi ataziacha zote. Wazazi wengi wanaogopa kwamba picha zitamzuia mtoto kuongea. Hazimzuii, zinampa njia ya kuomba bila kulia.

Mazoezi yawe dakika kumi kwenye mkeka, redio imezimwa; akichoka, acha. Bibi na dada wa kazi nao watumie picha zilezile, na seti nyingine iende shuleni kwa mwalimu.