Mwanangu, Kuhusu Sartre na Yule Kijana

Mwanangu mpendwa,

Salamu zimefika, ingawa baba yako anasema salamu za nusu mstari hapokei. Unauliza kama udhanaishi, ile falsafa ya Mfaransa Jean-Paul Sartre kwamba mtu yuko huru na hujiunda mwenyewe kwa anayoyachagua, bado una la kumwambia mtu wa leo, au ulikuwa mtindo tu wa Paris baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Jibu fupi: umeenea mpaka hautambuliki tena. Anayesema "haya ni maisha yangu, nitayapanga mwenyewe" anasema maneno ya Sartre hata kama hajawahi kumsikia. Wanaotetea haki za wanawake bado wanamrudia mwanafalsafa mwenzake, Simone de Beauvoir, na kitabu chake cha 1949, kwamba mtu hazaliwi mwanamke, bali huja kuwa mwanamke. Na kwetu udhanaishi umo katika riwaya za Kezilahabi, unamjua. Kazimoto wa Kichwamaji ndiye aliyekunyima usingizi ulipokuwa shuleni.

Lakini linaloniwasha mimi ni yule kijana. Katika mhadhara wake wa Oktoba 1945, Sartre alisimulia habari za mwanafunzi aliyemwendea wakati wa vita kuomba ushauri. Kaka yake aliuawa Wajerumani walipovamia mwaka 1940, baba anaelekea kushirikiana na adui, mama kabaki na yeye tu. Aende Uingereza akajiunge na jeshi la Wafaransa Huru lililopigana na Wajerumani, au abaki na mama? Sartre akamwambia yuko huru, basi achague.

Kisa hicho nilifundishwa mwaka uleule nilioacha masomo muhula mzima nikimuuguza bibi yako. (Shangazi zako walikuwa wapi, unajua, sirudii.) Niliporudi, mhadhiri alinisimamisha mbele ya darasa, akasema mimi ndiye mfano wa mtu anayejidanganya: nimeuogopa uhuru wangu, nikajificha nyuma ya kitanda cha mgonjwa. Darasa zima likacheka. Mpaka leo nikiosha vyombo hujikuta namjibu yule bwana.

Namwambia: anayechagua ni mmoja, wanaobeba ni wengi. Najua mmelisikia mpaka mmechoka. Beauvoir mwenyewe, mama yake alipokuwa anakufa kwa saratani mwaka 1963, alikaa naye hospitalini, kisha akaandika kitabu kizima juu ya siku zile. Naye alijificha? Na Albert Camus, mwandishi wa Kifaransa aliyezaliwa Algeria, alipokwenda Stockholm mwaka 1957 kwa ajili ya Tuzo ya Nobel, alibanwa na kijana wa Algeria kuhusu vita vya kwao vya kudai uhuru. Akajibu kwamba mabomu yanategwa kwenye tramu za Algiers, na mama yake anaweza kuwa ndani ya mojawapo. Kama hiyo ndiyo haki, yeye anamchagua mama. Camus alikataa kuitwa mdhanaishi, najua, usinisahihishe.

Tena Sartre hakumwambia yule kijana aende. Kubaki nako ni kuchagua, sawasawa na kwenda. Mhadhiri wangu alisoma nusu ya kisa akanihukumu kwa nusu hiyo.

Ila nikishafika hapo, Sartre ananigeukia mimi. Kama nilibaki kwa hiari yangu, basi simdai mtu. Simdai bibi yako, Mungu amrehemu, simdai shangazi yako yeyote, wala wewe hunidai kitu, wala mimi wewe. Hilo silikubali. Asubuhi huwa nalikubali. Ikifika jioni nalikataa. Wanaobeba je, hawana hata neno la kusema? Yule mama wa Kifaransa hakuna aliyemuuliza anataka nini, si mwanawe, si Sartre, na miaka yote hii sijaona mwalimu aliyeliuliza swali hilo.

Mwishoni mwa barua umegusia, kama mtu anayetaja mvua, kwamba umepewa ile kazi ya mbali na hujawajibu. Ninalo la kusema, na baba yako amesimama hapa nyuma kuhakikisha siliandiki. Basi siliandiki. Magoti yangu hayajambo, usiyaingize kwenye hesabu zako. Wamekupa mpaka lini kujibu?

Mama yako