Dhahabu yangu inanasa kila kitu, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mie mwanafunzi, kwetu Ngamiani hapa Tanga. Natumia vile vioo vya sensa vilivyopakwa dhahabu, napandikiza kingamwili halafu napitisha HRP2, ile protini ya malaria inayotafutwa na kipimo cha haraka. Asubuhi nasafisha vioo kwa spiriti, mchana ndo naviloweka kwenye thayoli, ile kemikali yenye salfa upande mmoja na mkia upande wa pili. Sasa nikipitisha albumini, protini isiyohusika kabisa, nayo inanasa! Vioo vitano vimeharibika na bei yake unaijua.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kosa la kwanza liko hapo kati ya asubuhi na mchana. Dhahabu haishiki kutu, ni kweli, ila mafuta ya hewani inayashika haraka mno, moshi wa bodaboda, mvuke wa mtu anayekaanga samaki dirisha la pili, vyote vinatua pale na kwa macho huvioni, na spiriti peke yake haivimalizi. Dondosha tone la maji safi juu yake. Likitandaa, dhahabu safi. Likijikusanya duara kama umande juu ya jani la myugwa, bado ina mafuta, usiendelee.

Wengi wanasafisha kwa piranha, yaani asidi ya salfuriki 3 kwa haidrojeni paroksaidi 1, mie nakuomba sana usiiguse bila mtu mzoefu pembeni, inachemka yenyewe na ikikutana na spiriti inaweza kulipuka, na wewe meza yako imejaa spiriti. Kama ipo taa ya UV (urujuanimno) yenye ozoni, inayochoma mafuta, dakika 10 hivi, suuza kwa ethanoli, kisha moja kwa moja kwenye thayoli, hata chai usiende kunywa. Na usisugue jamani, hiyo dhahabu unene wake ni kama nanomita 50 tu, ukiipangusa na kitambaa umeichubua.

Thayoli milimola 1 kwenye ethanoli, usiku kucha. Ile salfa inashika dhahabu ndani ya dakika chache, lakini mikia kujipanga imesimama kama mikonge shambani inachukua masaa, ukiitoa mapema mapengo yanabaki na albumini inaingia humo. Tena usiweke thayoli yenye asidi mkiani, ile ya kushikia kingamwili, peke yake, changanya na yenye mkia wa PEG, yaani mnyororo unaopenda maji, na hiyo ya PEG ndo iwe nyingi, maana ndo inazuia protini zisizotakiwa.

Baada ya EDC na NHS, zile kemikali zinazoiamsha asidi ishike kingamwili, na kupandikiza kingamwili, hujaniambia kama unaziba zile sehemu zilizobaki wazi. Pitisha ethanolamini mola 1, pH 8.5, la sivyo protini yoyote yenye amini, yaani kundi la naitrojeni, itajishika hapo. Na mfereji mmoja wa kupitishia sampuli uache bila kingamwili, chochote kinachonasa huko unakitoa kwenye hesabu.

Vile vitano usivitupe, kama dhahabu haijachubuka virudishe kwenye UV, thayoli ya zamani inaungua na kusuuzika, halafu anza na lile tone la maji.