Kwa mnaoanza kutumia CAM kwenye lethi na milingi

Vijana wengi wanaofika karakana siku hizi tayari wanajua kutumia Fusion au Mastercam, programu za CAM, yaani za kupanga njia ya kisu kwenye kompyuta na kuandika faili la maagizo ya mashine, na hilo ni jambo jema. Shida ni kuiamini mno skrini. Kisu kinapita vizuri, hakuna alama nyekundu, basi mtu anaona kazi imekwisha. Programu ya CAM inajua yale tu uliyoiambia. Haijui kwamba taya za jiliwa zimeinuka milimita 15, wala kwamba kipande kilichotoka kwenye msumeno kimezidi milimita 3 upande mmoja. Usipoyaingiza hayo, kisu kitapita hapohapo kwa G0, yaani kwa kasi yote ya mashine.

Kwa hiyo anza na kipande chenyewe. Kipime kwa vernia, amua kitashikwaje na kitageuzwa mara ngapi, ndipo ufungue kompyuta. Sifuri ya kazi iweke mahali unapoweza kupagusa kweli kwenye mashine. Ukiiweka kwenye uso utakaokatwa na kupotea, utaipata wapi tena baada ya kugeuza kipande?

Namba za kasi zinazokuja na programu usizichukue kama zilivyo. Hesabu mwenyewe: zidisha kasi ya kukata, mita kwa dakika, kwa 1000, kisha gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Kisu cha hai-spidi (chuma kigumu cha visu, HSS) cha milimita 10 kwenye chuma cha kawaida, kwa mita 25, kinataka mizunguko kama 800 kwa dakika. Kikiwa na meno manne, kila jino likila milimita 0.05, mwendo wake ni kama milimita 160 kwa dakika. Programu ikikupa mizunguko 5000, itakuwa imedhani kisu ni cha kabaidi, kinachostahimili kasi kubwa zaidi, au kipande ni cha alumini.

Lethi, ambako kipande ndicho kinachozunguka, ina hatari yake, na hapa naomba mnisikilize sana. Ukitumia G96, amri ya kudumisha kasi ileile ya kukata, mashine huongeza mizunguko kadiri kipenyo kinavyopungua. Kwa mita 150 kwa dakika, kipenyo cha milimita 50 kinazunguka kama mara 955 kwa dakika; kikifika milimita 10 ni 4775, na katikati ya uso mashine itapanda hadi mwisho wa uwezo wake. Kipande kirefu au kisichoshikwa vizuri kinaweza kuruka kutoka kwenye taya. Kwenye lethi nyingi zinazoongozwa na kompyuta ya Fanuc, kikomo cha mizunguko kinawekwa kwa G50 pamoja na S, yaani namba ya mizunguko. Hakikisha mstari huo umo kwenye faili.

Ndiyo, faili lisome, hata kama limeandikwa na kompyuta. Mistari kumi ya mwanzo inatosha kukuonyesha mengi: G21 ya milimita, G54 ya sifuri yako, na kwenye milingi G43 yenye H, yaani urefu wa kisu uliohifadhiwa kwenye mashine, inayolingana na namba ya kisu. H ikiwa ya kisu kingine kifupi zaidi, kisu chako kitashuka chini zaidi kuliko ulivyotaka. Hakikisha pia umetoa faili kwa posti ya mashine yako, yaani kigeuzi kinachoandika maagizo kwa lugha ya mashine hiyo. Mashine za Siemens na za Fanuc hazisomi lugha moja. Ukihariri kwa mkono, usisahau nukta: kwenye baadhi ya Fanuc, X10 bila nukta ni maikroni 10.

Kipande cha kwanza kwenye milingi kipitishe hewani. Pandisha sifuri ya Z milimita 50, punguza kasi ya G0 hadi asilimia 25, endesha mstari mmoja mmoja, mkono ukiwa karibu na kitufe cha kusimamisha. Tazama umbali uliobaki kwenye skrini ya mashine na ulinganishe na unachokiona kwa macho. Ikiandika bado milimita 80 wakati kisu kiko kidole kimoja tu juu ya jiliwa, simamisha na umwite fundi mkuu.