Damseli wa bluu wanawachapa wenzao: ugomvi ni wa pango

Mkuu wa Ilazo, Dodoma, nimelisoma swali lako mara mbili. Tangi la maji ya chumvi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, mawe umeyapanga ukuta mmoja nyuma. Damseli watatu wa bluu, samaki wadogo wa baharini, waliingia kwanza ili kukomaza maji (kukuza bakteria wanaokula uchafu), na baada ya miezi miwili ukaongeza samaki klauni wawili na Nemateleotris mmoja, yule mweupe mwenye mkia mwekundu na uzi mrefu mgongoni. Sasa huyo Nemateleotris anaishi kona ya juu nyuma ya hita, klauni mdogo mkia umechanika, na damseli wamebaki wawili. Unauliza umtoe nani, uongeze nini.

Mtoe Nemateleotris leo hii. Usiongeze samaki yeyote. Halafu tuzungumze kuhusu mawe, maana shida yako ilianzia hapo.

Damseli halindi tangi, analinda pango. Huyu wa bluu, Chrysiptera cyanea, akiwa dume huchagua tundu, hulisafisha, hubeba mchanga kwa mdomo na kuutema nje mlangoni, kisha kila anayepita mbele ya mlango huo anakuwa mwizi. Baharini anayefukuzwa hukimbia mita mbili na habari inaishia hapo. Tangi lako halina mita mbili. Anayefukuzwa hugonga kioo, hurudi, huonekana tena, hufukuzwa tena, hivyo mchana kutwa. Na ukuta mmoja wa mawe unampa mwenye pango uwanja wote wa mbele: akisimama mlangoni anaona kutoka kioo hadi kioo.

Kutanguliza damseli nako kumekuponza. Kuanza na damseli ili kukomaza maji ni desturi ya zamani isiyo na ulazima. Kipande cha kamba mbichi wa baharini kikioza ndani ya tangi, au amonia ya dukani isiyo na manukato wala sabuni, vinawalisha bakteria vilevile. Unasubiri wiki nne hadi sita mpaka amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na uchafu, zisome sufuri. Damseli awe wa mwisho kuingia, akute wenzake wameshagawana nyumba.

Kuhusu yule wa tatu aliyekufa, angalia mwisho wa pezi la mgongo la hao wawili. Jike kwa kawaida ana nukta nyeusi pale pezi linapoishia, dume hana. Wakiwa wote hawana nukta, una madume wawili ndani ya lita 200, na mmoja lazima aondoke. Wakiwa dume na jike wanaweza kubaki, ila jua kwamba dume akiwa na mayai atakuja hadi kwenye mkono wako unaposafisha kioo. Hapo usibadilishe chochote, mayai yakianguliwa ukali hushuka.

Si kila fukuza ni vita. Damseli akitanua mapezi, akajipanga ubavu, akakimbiza sentimita 20 kisha akarudi tunduni, hayo ni maisha yake. Zima pampu, sogeza sikio kwenye kioo, unaweza hata kusikia anavyotoa mlio mfupi wa tk-tk. Cha kukutia wasiwasi ni samaki aliyejibanza juu karibu na hita au pampu, magamba yametoka, anapumua mbiombio, au amekosa milo miwili mfululizo. Nemateleotris wako amefikia hatua hiyo. Isitoshe, yeye ni mrukaji. Tangi lisilo na wavu juu atakufa sakafuni kabla hajafa kwa kipigo.

Kumkamata damseli kwa wavu kati ya mawe utabomoa kila kitu na hutampata. Tengeneza mtego wa chupa. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, ikate mabegani, kata na shingo hadi mdomo ufike sentimita 3 hivi. Kingo zote zisugue kwa msasa zisimkwaruze. Geuza kile kipande cha juu ukiingize ndani ya chupa kama faneli, ukishone kwa mshipi wa kuvulia, gundi usitumie. Toboa matundu madogo kwa msumari wa moto ili maji yapite na harufu itoke. Weka jiwe ndani na kipande cha kamba wa baharini mwishoni kabisa. Usilishe siku moja, kisha asubuhi weka mtego sentimita 10 kutoka kwenye pango lake. Ukiuweka upande wa pili hatautembelea. Karibu na mlango wake atakuja hata bila njaa, kwa sababu kitu kigeni kimekaa uani kwake.

Damseli wakiwa nje kwenye ndoo yenye hita na pampu ya hewa, panga mawe upya. Vunja ukuta, jenga vilima viwili, kimoja kulia kimoja kushoto, katikati acha mchanga mtupu wa sentimita 20 hadi 25. Kimoja kiwe kirefu kuliko kingine ili aliye nyuma asionekane kutoka mbele. Kila kilima kiwe na matundu mengi madogo yanayotokea upande wa pili; tundu lenye mlango mmoja ni gereza la anayefukuzwa. Weka jiwe la chini moja kwa moja juu ya kioo kabla ya mchanga, lisije likaporomoka wakichimba. Kama umeshabandika matumbawe, hamisha jiwe pamoja na tumbawe lake.

Klauni wakae siku tatu hadi tano na mpangilio mpya. Kisha damseli arudi ndani ya kisanduku cha plastiki kinachopitisha mwanga, kimetobolewa pande zote, kimening'inizwa ndani ya tangi. Akae humo siku tano hadi saba, ale humo. Akiacha kuwavamia wengine kupitia plastiki, mfungulie jioni taa zikizimwa. Kumfungulia gizani bila kipindi hicho cha kisanduku hakusaidii, kwani asubuhi wataonana tu. Chakula kiwe kidogo mara tatu kwa siku, kidondoshe ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Hawezi kulinda pande mbili.

Sasa la Dodoma, ambalo wengi hulisahau. Tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanashika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko tangi hilohilo likiwa Dar. Samaki anayefukuzwa ndiye anayeihitaji zaidi, na umeme ukikatika ndiye anayetangulia kufa. Pampu moja ielekeze juu itikise uso wa maji, na uwe na pampu ya hewa ya betri. Hewa kavu ya Septemba na Oktoba nayo inakausha: katika tangi lako sentimita moja ya kimo ni lita 5.4. Zikipungua sentimita tatu bila kujazwa, chumvi inapanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 38. Jazia kila siku kwa maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine) yasiyo na chumvi. Ya bomba ni magumu mno. Ukavu huo una faida moja, feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha joto vizuri bila chila, ile mashine ya kupoza maji. Usiku wa Juni na Julai hita ishike nyuzi 25, usiiamini bila kipimajoto cha pembeni.

Samaki wakitoka Dar, kila damseli awe na mfuko wake wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni. Baada ya safari ndefu usidondoshee maji tone kwa tone kwa saa nzima. Mfuko ukifunguliwa kaboni dioksaidi hutoka, pH (kipimo cha uchachu wa maji) hupanda, na amonia iliyojikusanya inageuka sumu kali. Elesha mfuko dakika 15 ulingane joto, fungua, linganisha chumvi haraka, mtoe kwa kikombe. Maji ya mfuko mwaga.

Mbele ya safari, ukitaka damseli mwingine, Chrysiptera parasema mwenye mkia wa njano ni mpole kuliko huyu, naye awe mmoja tu. Yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus, anapatikana pwani yetu na akiwa mdogo kama kucha anavutia sana. Atafika sentimita 14 na kulitawala tangi lote. Damseli wa jamii za Abudefduf na Stegastes usiwaguse, na Stegastes nigricans huua hata matumbawe ili apande bustani yake ya mwani.

Weka picha ya mawe kutoka mbele na kutoka juu, pamoja na chumvi na joto la asubuhi na jioni, nikuoneshe jiwe la kuanza nalo.