Maswali na Majibu: Njia Tatu za Injini

*Ninapochambua michezo yangu ya sataranji, Stockfish, injini (programu ya kompyuta inayopima hatua) ninayoitumia, hunionyesha hatua moja tu. Nifungue njia ngapi? (Msomaji, Mbarara)*

Fungua tatu. Katika mipangilio tafuta MultiPV, yaani idadi ya njia (hatua bora na mwendelezo wake) zinazoonyeshwa, ambayo kwa kawaida huwa 1, uandike 3. Usivutwe na tano au kumi, kwa sababu kila njia ina gharama: injini inayotafuta hatua moja hutosheka kuthibitisha kwamba nyingine haziipiti ile bora, lakini ukidai tatu hulazimika kuzipima zote kikamilifu, na kwa muda uleule haitafika kina kilekile, yaani idadi ileile ya hatua za mbele. Kisha soma pengo la tathmini, yaani namba inayoonyesha nani yuko mbele na kwa kiasi gani, kati ya njia ya kwanza na ya pili. Katika ufunguzi uitwao Ulinzi wa Farasi Wawili, Mweupe anapomtoa mhanga farasi wake kwenye mraba wa f7, mfalme mweusi akamla, na malkia akamtishia mfalme huyo kutoka f3, mfalme kupanda e6 ndiyo hatua pekee inayomhifadhi kwa sasa farasi mweusi wa d5; nyingine zote zinaporomoka. Pengo la namna hiyo linakuonyesha mahali ulipopaswa kusimama na kuhesabu. Njia zenye tathmini za 0.30, 0.27 na 0.25, kwa upande mwingine, zinakuruhusu uchague ile unayoielewa, na yeyote anayekesha akibishania tofauti hiyo anapoteza usiku wake bure.

*Mbona injini inaandika −2 wakati mimi ndiye ninayeshinda? (Msomaji, Jinja)*

Kwa sababu ulicheza na kete nyeusi: katika programu nyingi alama ya kutoa humaanisha kwamba Mweusi yuko mbele. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Tafadhali someni majibu yaliyotangulia.

*Simu yangu na kompyuta ya rafiki yangu zinataja hatua tofauti. Niamini ipi? (Msomaji, Gulu)*

Linganisha kina kilichofikiwa, si jina la kifaa. Iache simu ifanye kazi kwa dakika kadhaa kabla ya kuihukumu, na kwa njia moja tu endapo ni dhaifu.

*Je, niwashe injini mara tu mchezo unapokwisha? (Msomaji, Kampala)*

Hapana, na ninawasihi makocha wa shule walisimamie jambo hili. Mwanafunzi aandike kwanza, kwa mkono wake, hatua mbili au tatu alizozifikiria katika kila nafasi ngumu, pamoja na majibu aliyoyatarajia kwa mpinzani. Baada ya hapo ndipo afungue njia tatu na kuzilinganisha na karatasi yake. Hatua ambayo injini inaitaja nawe hukuiwazia kabisa ndiyo somo la siku hiyo, na huwezi kuitambua kama hukuandika ulichokiwaza. Nawaona vijana wanaozikariri hatua za injini bila kuweza kueleza hata moja, na inanihuzunisha, kwa kuwa wengi wao wana kipaji. Simu hiyo nayo ibaki nje ya ukumbi wa mashindano: chini ya kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, mchezaji anayekutwa nayo mwilini bila idhini ya mwamuzi kwa kawaida hupoteza mchezo, hata kama hakuitazama.