Uliza Ujibiwe: Nikifaili bankrapsi, deni la IRS nalo linafutika?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, lori langu mwenyewe, niko Dallas, nyumbani Morogoro. Kampuni wananilipa kwa 1099, yani sio kama mwajiriwa, kwa hiyo hakuna anayenikata kodi, hela ikiingia ni diseli, tairi, bima, na nyumbani nako simu hazikatiki. Sasa IRS, watu wa kodi wa serikali kuu ya Marekani, wananidai 2021 dola 9,400, 2022 dola 14,000 na 2023 dola 6,200. Kadi za mkopo nazo kama 21,000. Jamaa wa gereji kaniambia nilipe IRS kwa kadi alafu nifaili Chapta 7, kadi zinafutwa mchezo umeisha. Mwingine anasema kodi haifutwi hata ufe. Nimshike nani?

JIBU: Pole sana kaka, usimshike hata mmoja, na huyo wa gereji mkimbie kabisa. Ujanja wake sheria ya bankrapsi (kufilisika mahakamani) ya Marekani iliuona zamani: ukikopa ili ulipe kodi ya serikali kuu ambayo yenyewe isingefutika, basi na huo mkopo haufutiki kwenye Chapta 7 (ile bankrapsi ya kufuta madeni bila mpango wa kulipa). Yani umehamisha deni kutoka IRS ukalipeleka kwenye kadi yenye riba kubwa kuliko ya IRS, na bado liko pale pale.

Huyo wa pili naye kasema nusu. Kodi ya mapato inaweza kufutwa, ila kalenda ndiyo inaamua, sio huruma ya jaji. Kila mwaka unahesabiwa peke yake. Iwe imepita miaka 3 tangu siku ya mwisho ya kupeleka ritani (fomu ya kodi ya mwaka), na ekstensheni (muda wa nyongeza) kama uliomba inahesabika, miaka 2 tangu uipeleke wewe mwenyewe, na siku 240 tangu IRS waandike rasmi kwamba unadaiwa. Na usiwe ulidanganya au ulificha hela makusudi. Ukifaili siku moja kabla saa haijatimia, mwaka huo umeukosa.

Sasa tuchukue yako (umenitumia tarehe, asante, wengi huwa hawatumi). Ya 2021 uliipeleka kwa wakati, siku ya mwisho ilikuwa 18 Aprili 2022, miaka mitatu ilitimia Aprili 2025, hiyo inafutika. Ya 2022 uliomba ekstensheni ukapeleka Oktoba 2023, na hapa ndipo watu wanapoumia, maana wanahesabu kuanzia Aprili wakati saa yako imeanza 16 Oktoba 2023. Ukiwahi kufaili kabla ya tarehe hiyo 2026, dola 14,000 unabaki nazo mgongoni.

Ya 2023 ndio mbaya. Hukuomba ekstensheni na uliipeleka Julai 2024, umechelewa miezi mitatu hivi. Ungekuwa majimbo mengine kungekuwa na cha kubishania, lakini mahakama ya rufaa inayoshika Texas, Louisiana na Mississippi iliamua mwaka 2012 kwamba ritani iliyochelewa, hata siku moja, kwa mambo ya bankrapsi sio ritani. Kwa hiyo hiyo 6,200 haifutwi, utailipa kidogo kidogo kwa makubaliano na IRS, au ukienda Chapta 13 inaingia kwenye mpango wa miaka 3 mpaka 5 na inalipwa yote.

Kabla hujampa mwanasheria hata senti, omba IRS transkripti (rekodi yao) ya akaunti ya kila mwaka, ni bure. Tafuta mstari wenye kodi 150 (hapa kodi ni namba, sio ile unayodaiwa!), tarehe iliyo mbele yake ndiyo siku waliyoandika deni. Ukiona na 290 yenye kiasi cha hela ujue waliongeza kitu baadaye, na hicho kina siku zake 240. Mi nimeshaona mtu ana uhakika kapeleka ritani kumbe IRS walimjazia wenyewe alipokaa kimya, na hiyo haihesabiki kama ritani yake.

Mambo mawili ya haraka. Wakati unasubiri Oktoba usikimbilie kuwapelekea IRS ofa ya kupunguziwa, inasimamisha ile saa ya siku 240, makubaliano ya kulipa kwa mwezi hayana shida hiyo. Na kama walishasajili zuio (lien, haki yao ya kudai deni kupitia mali) juu ya mali yako, bankrapsi inakutoa wewe kwenye deni lakini zuio linabaki kwenye lori.

SWALI: Mimi sikufaili bankrapsi, nilielewana na watu wa kadi wakanisamehe dola 5,800. Sasa imekuja fomu 1099-C eti hayo ni mapato! Mapato gani jamani na hela sikuiona? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Uliiona dada, siku ile ulipoitumia dukani. IRS ndivyo wanavyoona, deni likisamehewa ni kama umelipwa. Lingefutwa ndani ya bankrapsi lisingekuwa mapato hata senti. Nje ya bankrapsi unapona tu kwa kiasi ambacho madeni yako yalizidi mali zako pale tu kabla ya kusamehewa, na mali ni pamoja na gari na pensheni ya kazini. Tuseme ulikuwa na mali za 11,000 na madeni 15,000, umezidiwa kwa 4,000, basi 4,000 haitozwi na 1,800 inatozwa. Unajaza fomu 982 unaambatanisha na ritani. Usiitupe hiyo 1099-C, IRS wana nakala.

SWALI: Nafaili Chapta 7 mwezi ujao na refandi (kodi ninayorudishiwa) bado haijaingia. Naweza kumlipa kaka yangu kwanza? Alinikopesha nauli ya msiba.

JIBU: Usimlipe. Refandi ya mwaka ulioisha kabla hujafaili inaingia kwenye mali anazoshika mfilisi (anayesimamia mali zako kwenye kesi), labda sheria za jimbo lako zikuachie kiasi. Hela uliyomlipa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufaili mfilisi anaweza kumfuata huyo ndugu airudishe, na kaka yako atapokea barua ya mwanasheria badala ya asante. Ongea na mwanasheria kama inafaa usubiri refandi iingie, uitumie kwa kodi ya nyumba, chakula na ada yake yeye, risiti zote uweke, ndipo ufaili. Kaka mwambie ukweli, deni lake liorodheshwe kama mengine, ukishamaliza na mahakama hakuna anayekukataza kumtumia kwa hiari yako.